Mama Halipi

Mimi na Emilian hatusemeshani, na mtu asije kutusuluhisha. Ni kaka yangu wa tumbo moja, lakini kwa sasa nimemchoka.

Ana tovuti ya habari pale Karatu mjini. Bei ya vitunguu Mang'ola, barabara ya Oldeani imekatika wapi, nani kafariki na anazikwa lini, vyote vimo. Juu kabisa kuna picha yake na jina lake, amevaa tai. Mama yetu, Sabina, alikuwa anaisoma kwenye simu kila asubuhi huku kijijini Kansay, akishamaliza kukamua ng'ombe, miwani puani, halafu anawasimulia majirani. Kwake yeye kila kilichomo kimeandikwa na mwanawe.

Shida ni matangazo. Kampuni ya huko nje ndiyo inayoyatupia humo, Emilian anapata chochote kitu, na hata yeye hajui leo litatokea lipi: kubeti, mikopo ya haraka, waganga. Wasomaji wakalalamika. Mapema mwaka huu akaanzisha mpango wake: ukilipa elfu tatu kwa mwezi unasoma ukurasa msafi, hakuna tangazo hata moja. Usipolipa, unasoma bure pamoja na takataka zote.

Alitueleza hayo siku ya Pasaka, kwa mama, tukiwa tunakula. Mama akaingia chumbani, akarudi na elfu tatu, akamwekea mezani. Habari ya matangazo hakuielewa, alitaka tu kumuunga mkono mtoto. Emilian akairudisha ile pesa.

"Mama, wewe ndiyo unilipe mimi? Nitakufungulia mwenyewe, uwe kama waliolipa. We soma tu."

Tukacheka, mimi nikiwa wa kwanza. Niliona fahari kweli, nikasema moyoni huyu ndiye mtoto. Kumbe hakufungua chochote. Jioni akaaga, akasahau. Kazi ya dakika mbili jamani! Madereva wa watalii wasiomjua hata kwa sura walilipa wakasoma kwa raha zao, mama yake mzazi akabaki na waganga.

Mwezi wa nane likamtokea tangazo la unga wa mizizi: unamaliza presha kwa siku ishirini na moja, achana na vidonge. Lilikaa katikati ya habari ya barabara na tanzia ya katekista wetu. Mama akaagiza, bodaboda akamletea mpaka mlangoni. Vidonge vya hospitali akavificha kwenye kopo la sukari. Hakuniambia, na mimi ninayekwenda kwake kila Jumamosi sikuuliza. Nilimwona mchangamfu nikaridhika, na hilo linaniuma mpaka leo.

Alianguka shambani, kwenye mbaazi, mchana wa jua kali. Upande wa kulia ukafa. Daktari aliponiuliza anatumia dawa gani, ndipo nilipopekua nyumba nikalikuta kopo limejaa, na pakiti ya unga haina kitu.

Emilian alikuja hospitali akalia sana. Kisha akachukua simu ya mama, akakaa kwenye benchi, akaanza kumfungulia ule ukurasa msafi. Nilimnyang'anya. Unamfungulia nini sasa?

Jana alikuja Kansay kumwona. Maneno ya mama siku hizi yanatoka kwa shida, moja moja. Alimshika mwanawe kwa mkono wa kushoto, ule uliobaki.

"Emilian, ule unga wako umeisha. Niletee mwingine."

Kaka yangu akaanza kumweleza kwamba ule unga si wake, hakuandika yeye, ni tangazo tu, na kwamba ndio uliomwangusha. Alirudia mara mbili. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akimtazama kwa huruma, kama alivyokuwa anatutazama utotoni tukivunja kitu na kukataa.

"Jina lako lipo juu," akasema.

Emilian akanigeukia nimsaidie kueleza. Nikachukua kijiko, nikaendelea kumlisha mama uji.