Krismasi ya Watu wa Nyumbani Tu

Teresia alikuwa mwalimu wa shule ya msingi mjini Voi. Upande wa pili wa ua wa minyaa aliishi Ochola, fundi wa reli kutoka Siaya, pamoja na mkewe Nabwile na mtoto wao Imma. Kwa miaka mingi nyumba hizo mbili zilikula Krismasi meza moja. Mambo yalianza watoto wakiwa wadogo, mwaka ambao Ochola alikosa likizo na Nabwile akashinda akilia jikoni kwa kuwakumbuka watu wa kwao. Sylus, mume wa Teresia, alivuka akamwambia, "Shemeji, lete sufuria yako kwetu. Leo hakuna kula kila mtu na kwake."

Tangu hapo Teresia alipika pilau na kimanga, ule mseto wa mihogo na maharagwe wa kwao, Nabwile akaleta kuku na chapati, na kabla ya kula Ochola akasimama kutoa neno. Neno lenyewe lilikuwa refu. Alitaja mvua, mabehewa yaliyoanguka, wagonjwa, waliozaliwa, na kila aliyekuwa mezani kwa jina, hadi supu ikapoa. Sylus alipofariki, Ochola alishika jeneza mbele, wakampandisha hadi kwao Mwanda kumzika. Krismasi ya mwaka ule aliongea mpaka Teresia akaweza kucheka tena.

Mwaka juzi Ronald, mwanawe Teresia, akapiga simu kutoka Nairobi. Alisema atakuja Krismasi na mchumba wake Carolyne, pamoja na wazazi wa msichana. Baba yake alikuwa daktari. Teresia akapaka sebule rangi, akaazima vikombe, na kadiri siku zilivyokaribia akawa anafikiria sauti ya Ochola, Kiswahili chake kizito na lile neno lisilokwisha. Akaona haya. Akamfuata Nabwile aliyekuwa akianika nguo.

"Mama Imma, mwaka huu tuna wageni wa heshima. Nimeonelea tuwe watu wa nyumbani tu."

Nabwile alilishikilia shati la mumewe mkononi, kama mtu mwenye jambo la kusema. "Sawa, Mama Ronald," akajibu.

Siku ya Krismasi, walipotoka kanisani, meza ilipendeza kuliko miaka yote. Daktari akaomba sala fupi, wakaanza kula. Vijiko vikawa vinasikika kuliko watu.

"Mbona Baba Imma hajafika?" Ronald akauliza.

"Leo wanakula kwao."

"Kwao wapi, Mama? Si kwao ni hapa?"

Carolyne akaweka uma chini. "Ni yule aliyekufundisha baiskeli? Nami nilishamwambia baba atasikia hotuba yake."

Teresia akainuka, akajaza sahani, akaifunika na kitambaa, akavuka. Mlango ulikuwa na kufuli. Jirani mwingine akamwambia wametoka asubuhi kwenda Mraru, kwa rafiki yao wa kazini. Akarudi na sahani yake, na wageni wakajifanya hawajaiona.

Shule zilipofunguliwa, jioni moja Teresia alikuta lori mbele ya nyumba ya Ochola, vijana wakipakia makochi.

"Mnahama?"

"Mzee amestaafu," Nabwile akasema. "Tunarudi Siaya."

"Na hukuniambia?"

"Alitaka aseme mwenyewe siku ya Krismasi, kwenye neno lake. Alikuwa akijaribu maneno bafuni, sisi huku tunamcheka. Alitaka kumtaja marehemu, na kukushukuru wewe."

"Ungenidokezea siku ile ulipokuwa ukianika nguo, ningewaita."

"Nilitaka. Nikamwuliza yeye kwanza. Akasema kama mnataka kuwa peke yenu, tusiwalazimishe na habari zetu."

Ochola akatokea nyuma ya lori, akampa Teresia mikono yote miwili. "Mwalimu, ubaki salama. Tumeishi vizuri."

"Baba Imma, niambie yale uliyotaka kusema."

Ochola alitazama chini, kisha akamtazama dereva, ambaye tayari alikuwa amewasha injini. "Yalikuwa ya mezani," akasema taratibu. "Hapa barabarani hayasemeki."

Lori likaondoka. Teresia alibaki amesimama na mkoba wa vitabu begani, hata Nabwile alipompungia mkono hakukumbuka kumpungia.

Pasaka alipiga simu kuomba msamaha. Nabwile alimwambia hayo yamepita, aende tu kuwatembelea, kisha akampa mzee simu. Ochola aliuliza habari za Ronald, akauliza kama mvua imenyesha, akashukuru kwa kupigiwa. Alikuwa mpole, na alimaliza haraka, kama mtu anayeongea na ofisi.

Desemba iliyopita Ronald na mkewe walikwenda kwa wazazi wa Carolyne. Teresia alikuwa amepanga kusafiri Siaya. Alinunua zawadi, akazifunga, akatafuta tiketi. Tiketi ilipopatikana, akaogopa kukaa kwenye meza yao. Hajaenda mpaka leo.