Miche Kumi na Minane

Sheria mpya ya ada ilikuwa imepita, na bwana shamba aliwasomea wenye vitalu mara mbili, asije akasingiziwa. Kitalu chenye miche isiyozidi mia tano, ada imeshuka nusu. Ukizidisha hata mmoja, unalipa sawa na wale wakubwa wenye malori.

Mama Viriba alirudi nyumbani akahesabu, kuanzia mlangoni hadi kwenye pipa la maji. Mia tano na kumi na minane.

Hiyo kumi na minane alijua ni ipi. Ni miparachichi aliyoibebesha vikonyo vya mbegu bora marehemu mumewe wiki moja kabla ya kuugua. Mwaka wa pili sasa wateja walikuwa wakiiulizia, naye akiwaambia bado michanga, ilhali ilishamfika kifuani.

"Ilete jikoni kwangu," alisema wifi yake, jirani wa uzio mmoja, ambaye watu walimwita Redio. "Mkaguzi anakuja kesho. Akiondoka, unairudisha. Nani atajua?"

"Wifi, magoti yangu bado yana vumbi la sala. Nianze kuficha miti?"

"Basi iuze, tulale."

Mama Viriba aliinama ainue kiriba cha kwanza, mfuko wa plastiki wenye mche. Kikagoma. Akavuta tena, akachungulia chini: mizizi ilikuwa imetoboa plastiki na kujikita ardhini.

Redio alicheka hadi akashika uzio. "Kaka yangu huyo huyo! Unamkaribisha maji ya kunywa, yeye anahamia kabisa."

Mama Viriba naye alicheka, kisha machozi yakamlengalenga. Alikipapasa kile kiriba kilichochanika. "Nimembana, wifi. Najiambia namtunza, kumbe nimembana tu."

Redio akaenda kuleta jembe.

"Kwako hapa hata kitunguu hakipati pa kulala. Kwangu kuna nafasi. Mashimo nachimba mimi, maji utabeba wewe kila asubuhi. Mgongo wangu si wa serikali."

Walifanya kazi mpaka jua likapoa. Mmoja alichimba huku akigombana na mawe, mwingine alipasua viriba kwa wembe, taratibu, udongo usimwagike, kama anayemvua mtoto nguo akiwa usingizini.

Kesho yake mkaguzi alihesabu. Mia tano kamili. Akanyoosha shingo juu ya uzio.

"Na ile?"

"Ile imeshapandwa, baba," alisema Mama Viriba. "Jana tu ilikuwa miche hapa kwangu. Leo ni miti."

"Ya nani?"

"Ya kaka yangu," alisema Redio.

"Ya mume wangu," alisema Mama Viriba, wakagongana maneno.

Mkaguzi aliwatazama, akaandika mia tano, akagonga muhuri. "Mwambieni mistari yake imenyooka."

"Tutamwambia," Mama Viriba alisema. Akachukua ndoo, akazunguka uzio kwenda kumwambia.