Mihimili Minne ya Chuma

Mama mkwe wangu, Rut, alinipa boksi la bati la marehemu babu, baba wa mume wake, aliyekuwa karani wa baraza enzi za Waingereza. "Wewe uliyesoma chuo, hebu nitafutie hati ya shamba humo."

Hati haikuwemo. Niliona barua ya mwaka 1951 kuhusu daraja la hapo chini, la kwendea Ipinda. Babu aliomba fedha za mihimili minane. Chini ya barua hiyo Bwana Mkubwa wa jimbo aliidhinisha minne tu: wapite watu na baiskeli, magari yasiruhusiwe.

Mafuriko yalikuwa yamekata barabara kubwa, na baba mkwe, Mzee Ambakisye, alikuwa ametoka punde na Fuso iliyojaa mpunga ili apite kwenye daraja hilo.

"Mama, lile daraja halibebi gari!"

"Acha hizo. Baba yake mzee ndiye aliyelijenga, kila siku mzee anatuchosha nalo."

Nilikimbia na barua mkononi kupitia kwenye mikakao. Katika ukoo huu mke wa mtoto hamtazami baba mkwe wala hasemi naye. Kwa miaka mitatu, kila niliposikia kikohozi chake nilijificha. Hata sasa, nilipoliona gari, miguu ilinipeleka nyuma ya mgomba.

Magurudumu ya mbele yakapanda darajani. Chuma kikalia.

Nikatoka, nikasimama njiani nyuma ya gari. "Baba! Simama!"

Gari likasimama. Akageuzia uso mtoni. "Nani huyo?"

"Mke wa Gwamaka, mwanao."

Akasema, kana kwamba kuna mtu kati yetu, "Mwambieni mke wa Gwamaka aende nyumbani."

"Mwambieni baba mihimili ni minne tu. Babu alinyimwa fedha. Barua hii hapa, ina saini ya babu."

"Marehemu baba hakutuambia hivyo."

"Labda aliona aibu."

Akazima injini. Chuma kikaendelea kulia chini yake, polepole. Nikamsikia akiita jina la Yesu.

Nyuma ya gari, maji yalikuwa yamelamba kingo zote mbili za njia. Ili arudi nyuma ilimbidi atazame kioo cha pembeni, na ndani ya kioo hicho nilikuwa mimi. Sikujificha. Nikainua mikono.

"Njoo, baba. Njoo. Kulia kidogo."

Akanitazama, akawasha gari.