Mchoro wa Pili

Daktari alichora michoro miwili. Isaro akamweleza baba yake, Salvatori, juu ya mmoja tu. Salvatori alijionea mwenyewe. Ilikuwa 2015, katika hospitali moja ya Columbus, wiki kadhaa baada ya yeye kumaliza matibabu ya mionzi ya saratani ya utumbo. Daktari alizungumza kwa kirefu, kalamu ikihama kutoka karatasi moja kwenda nyingine, na binti yake akatafsiri kwa pumzi moja: "Baba, wataondoa sehemu yenye saratani, halafu utavaa mfuko wa kinyesi tumboni. Maisha yote."

"Na ule mchoro mwingine?"

"Ni vilevile tu."

Njia nzima kurudi nyumbani Whitehall, Salvatori aliwaza ile michoro. Mtoto ambaye yeye mwenyewe alimbeba mgongoni akishuka milima ya Kivu kukimbia vita, leo anamficha neno. Pengine daktari amesema atakufa. Walipofika, akampigia kaka yake Bulonza kule Buffalo.

"Bon, wanataka kukujaribia kisu," Bulonza akasema. "Huku kiwandani Tonawanda tuko na mtu walimuunganisha utumbo, anatembea bila mfuko. Donc, basi, wewe kwa nini wakufungie mfuko? Na huyo mtoto, nani anamtuma?"

Maneno hayo yakamkaa rohoni. Isaro akipokea simu nje, baba anasogea dirishani kusikiliza. Akimletea dawa, anasoma jina la dawa mara mbili ndipo ameze.

Mwisho akamtafuta Gitonga, muuguzi Mkenya aliyewahi kusali nao kabla ya kuhamia Louisville. Siku ya miadi, Salvatori akamwomba Isaro asubiri nje, akaweka simu mezani kwa daktari ili Gitonga atafsiri.

Gitonga hakuruka kitu. "Mzee, njia ni mbili. Ya kwanza, wanakata uvimbe na kuunganisha utumbo. Mfuko unavaa miezi michache tu. Lakini uvimbe wako uko chini sana, karibu na misuli inayobana haja. Unaweza kukimbilia choo mara kumi kwa siku, na pengine usiwahi. Ya pili, wanaondoa njia yote ya haja kubwa na kufunga. Mfuko unakuwa wa kudumu. Daktari anapendekeza hiyo. Na zote, mzee, zinaweza kuharibu nguvu za kiume. Ya pili zaidi. Anasema hata siku ile ya michoro alieleza haya yote."

Salvatori akatoka, akamkuta Isaro ameinamisha kichwa.

"Kwa nini hukuniambia yote?"

"Ningeanzia wapi, Baba? Kuzilinganisha kulitaka nitaje mambo ambayo mtoto hamtajii baba yake. Nikaichukua ile aliyoipendekeza daktari."

"Ukanichagulia."

"Ndiyo."

Siku mbili alizungumza na mkewe Kanyana, mlango umefungwa. Kisha akachagua ya pili, kwa kinywa chake. Alipasuliwa Oktoba, na uvimbe ukatoka wote. Bulonza, aliyetaka aunganishwe, alinuna, hakupiga simu hadi Krismasi.

Isaro alisamehewa. Lakini tangu hapo Salvatori hutafsiriwa na mkalimani wa hospitali, na kila mkalimani anapomaliza, mzee humkazia macho na kumuuliza, "Amesema hayo tu?"