Dakika Mbili za Verna Haugen

Jumanne ya kwanza ya Oktoba, saa sita mchana, wajumbe wa mashirika sitini na mawili ya muungano wetu walikaa katika ukumbi wa chini wa kanisa, wakala supu ya dengu, kisha wakaanza kumjadili mbwa wa Verna Haugen.

Mbwa aliitwa Otto, naye alikuwa kwenye mstari wa nne wa ushuhuda ambao Verna angeutoa mwezi wa pili mbele ya kamati ya Bunge la jimbo, kuunga mkono Mswada wa Joto. Mswada wenyewe hata mtoto anauelewa: anayepangisha nyumba lazima atengeneze hita iliyoharibika ndani ya siku tatu. Hakuna anayeupinga. Ni mwaka wa sita huu haupingwi, na kila mwaka unapigwa danadana kwa heshima zote.

Verna alikuwa na miaka sitini na tisa. Aliishi katika moja ya zile nyumba za bati zilizoletwa juu ya magurudumu na kupangwa safu nje ya mji, na eneo lote lilikuwa la kampuni yenye makao jimbo jingine, ambako theluji huonekana kwenye kadi za Krismasi tu. Hita yake ilikuwa imekufa tangu Januari iliyopita. Ukiwapigia simu wenye nyumba, mashine inakushukuru kwa uvumilivu wako. Kwetu huku Januari bila hita si mchezo: maji huganda ndani ya bomba, na mswaki hung'ang'ania glasi. Verna alilala na koti, kofia na soksi tatu tatu, na alichotaka duniani kilikuwa kimoja, kulala na gauni la kulalia kama watu wengine.

Shida ilikuwa kwamba hadithi yake ilichukua dakika kumi na moja, na kamati ya Bunge humpa kila shahidi dakika mbili. Kwa hiyo ilibidi ikatwe. Muungano wetu haukati kitu kiholela, jamani. Hukata kwa makubaliano ya wote, na makubaliano hupimwa kwa vidole gumba. Gumba juu, nimekubali. Gumba chini, nazuia, na likitokea moja tu la namna hiyo kazi yote inasimama. Gumba la kulala ubavu maana yake nimekubali shingo upande, sitawaharibia siku. Mchungaji Harlan Bostwick, mjumbe wa makanisa, hajawahi kuinua gumba lake juu tangu muungano uanzishwe. Lake hulala tu. Verna alipewa kiti, bakuli la supu na kibandiko cha jina kifuani, lakini gumba hakuwa nalo, kwa sababu yeye si shirika.

Mjumbe mmoja alisema mbwa anapoteza ujumbe, maana wabunge wataanza kuwaza anakula nini. Magumba sitini na moja yakaenda juu, moja likalala. Otto akapigwa mstari kwa penseli.

Verna aliporudi nyumbani jioni hiyo, bakuli la Otto lilikuwa limeoshwa na kufunikwa, na kwenye kochi hapakuwa na unyoya wake hata mmoja. Katika picha iliyobandikwa kwenye friji, Verna alikuwa amechuchumaa kando ya ziwa, mkono ameuzungusha kwenye hewa tupu palipokuwa na Otto. Aliitazama kidogo, akasema, "Ndiyo hivyo tena," akampigia simu mratibu wa muungano.

Mratibu alikuwa Jess Tran, dada wa miaka thelathini na moja, mwenye roho nzuri na macho ya mtu asiyelala. Hakubishana wala hakushangaa. Alimpa pole, akamwambia suala la mbwa ataliingiza kwenye ajenda ya Novemba.

Na kweli aliliingiza, namba tisa. Bahati mbaya namba tatu ilikuwa Delmar.

Delmar ni mdogo wake Verna, mwanamume wa miaka sitini na nne anayeishi chumba cha nyuma, anayekunywa bia na kuigombeza televisheni kila timu yetu ya magongo ya barafuni inapofungwa, yaani karibu kila siku. Mjumbe alisema wabunge watauliza kwa nini mwanamume mzima ashindwe kutengeneza hita. Swali lilikuwa la haki, hata Verna mwenyewe alishawahi kumuuliza Delmar. Lakini safari hii alinyoosha mkono ili awaeleze yaliyompata Otto, na mwenyekiti akamwambia kwa upendo mkubwa kwamba maoni ya wageni yapo namba kumi na moja. Delmar akapigwa mstari. Kikao kikaishia namba saba, kwa kuwa muda uliliwa na mjadala wa kama waandike "familia" au "kaya".

Nyumbani, kiti cha Delmar kilikuwa bado kimebonyea kwa umbo la makalio yake. Tusidanganyane, siku mbili za mwanzo Verna alifurahi, maana rimoti ilikuwa yake. Siku ya tatu alioka viazi na nyama ya kusaga kwenye lile sinia la watu wawili, akapakua sahani mbili bila kufikiri, na hapo akaketi akalia mpaka chakula kikapoa, jambo ambalo ndani ya nyumba ile halikuchukua muda.

Akapiga simu tena.

"Jess, mwanangu, sasa mmenichukulia na Delmar."

"Najua, Bi. Verna. Nimemwona kwenye kumbukumbu za kikao."

"Basi nirudishieni."

Jess alimweleza kwamba maandishi yakifunguliwa sasa, mashirika yote sitini na mawili itabidi yatie saini upya, na tarehe ya Bunge imeshapangwa. Avumilie tu, baada ya ushuhuda kila kitu kitarudishwa. Alisema ingekuwa mikononi mwake angemrudisha Delmar usiku ule ule, na alisema kweli. Alikuwa ndani ya gari lake, anakula biskuti, ndicho chakula chake cha mchana. Verna aliiangalia hita iliyokaa kimya ukutani, akaona bora apoteze Delmar miezi mitatu kuliko kuganda maisha yake yote. Akakubali.

Mwezi wa pili watu mia tatu waliovaa fulana za rangi ya machungwa waliujaza ukumbi wa Jengo la Bunge. Verna alisoma kwa dakika mbili kamili, bila sekunde ya ziada: mwanamke mmoja, nyumba moja, baridi. Hakuna aliyeweza kumshika kwa uongo. Kila neno lilikuwa kweli, muungano ulikuwa umeshahakikisha. Mwenyekiti wa kamati alifuta machozi kwa tai yake, akamsifu kwa ujasiri, na wabunge wote wakasema mswada wanaupenda sana. Ili wautendee haki, wakauahirisha hadi mwaka ujao. Jioni muungano ulitoa taarifa kwamba siku ilikuwa ya kihistoria, kwa kuwa mwaka jana mwenyekiti hakufuta machozi.

Machi wakakutana kurudisha vitu. Walitaka kumaliza mapema, theluji ilikuwa inaongezeka nje.

Delmar hakuleta ubishi mkubwa, ila wajumbe walisema hawawezi kumrudisha vile vile alivyokuwa ameandikwa. Neno bia likaondolewa. Wakamwita "mwanajamii anayesikiliza na kutambua mchango wa wengine". Mchungaji Bostwick alikuwa ametoka kupokea simu, kwa hiyo magumba yote yaliyokuwemo yalisimama wima. Alirudi wakati wa Otto. Mchungaji aling'atwa na mbwa akiwa darasa la pili, na mambo hayo mtu hayasahau. Sitini na moja yakaenda juu, la Mchungaji likalala ubavu, Otto akapita.

Watu wakaanza kukusanya makoti. Verna alikuwa bado amesimama.

"Nina ombi moja dogo," alisema. "Kateni baridi."

Mtu akarudisha kijiko chake kwenye bakuli polepole.

"Si mnaona penseli yenu inafanya kazi?" alisema Verna. "Mlimkata mbwa, mbwa akaondoka. Mlimkata Delmar, akaondoka. Sasa hapo mstari wa pili pameandikwa baridi. Ni neno moja tu hilo, halichukui hata dakika."

Mwenyekiti alisema anamsikia. Wote walisema wanamsikia. Mjumbe aliyemkata Otto, ambaye si mtu mbaya, alieleza kwa uchungu wa kweli kwamba Verna akipata joto, kwenye zile nyumba za bati watabaki watu elfu nne wenye hita zilizokufa, na muungano utakuwa hauna shahidi. Bila baridi ya Verna, mwakani watasimama mbele ya wabunge na kusema nini? Tena wafadhili wameahidiwa mashahidi.

Verna alilifikiria jambo hilo, kwa kuwa halikuwa la kipumbavu.

"Basi waleteni na hao elfu nne," alisema. "Kaeni nao hapa, mkate baridi ya wote. Supu mnajua kupika."

Mwenyekiti akaomba magumba. Hakuna aliyeweka la chini, ni nani angeweza? Jess, kule nyuma, aliinua lake juu kabisa, kisha akakumbuka kwamba mwajiriwa hapigi kura, akalitia mfukoni. Magumba mengine yote yakalala, safu kwa safu, na kanuni zetu zinasema yakilala mengi kiasi hicho suala huenda kamati ndogo. Mchungaji Bostwick alionekana mtu mwenye amani, ndiyo mara ya kwanza wote walikuwa upande wake.

Verna alipofika nyumbani Delmar alikuwa kwenye kiti chake, anatazama magongo. Timu ilifungwa bao. "Natambua juhudi za golikipa," alisema Delmar, akanywa maji. Otto alikuja mbio kumpokea Verna, lakini alikuja kwa ubavu kama gumba la Mchungaji, anatembea kama kaa, akaupita mlango, akarudi, akaupata mara ya pili. Verna aliwakumbatia wote wawili kwa muda mrefu. Hita haikusema kitu.

Mwezi wa tano baridi iliondoka yenyewe, kama kila mwaka. Kamati ndogo ilikutana mwezi wa sita, ikabaini kwamba nyumbani kwa Verna Haugen hakuna tena baridi, ikaandika "limetatuliwa" na kufunga faili. Jambo hilo lipo ukurasa wa tatu wa ripoti ya mwaka, pamoja na picha ya Verna aliyevaa gauni la mikono mifupi.

Oktoba jalidi, ule umande ulioganda, ikarudi kwenye madirisha, upande wa ndani. Siku hiyo hiyo Jess alipiga simu, sauti imemkauka, kuuliza kama Verna atashuhudia tena. Kamati ya Bunge imepunguza muda, alisema, sasa ni dakika moja na nusu.

Verna alisema atakwenda. Alichukua karatasi na kalamu ya wino, penseli akaiacha kwenye droo, akaandika juu kabisa, kwa herufi kubwa, kwamba anaitwa Verna Haugen na kwamba ana ndugu na ana mbwa. Mstari uliofuata aliandika baridi. Kisha akaenda kukaa kwenye kochi na Delmar, wote wawili na makoti na kofia.

"Naipokea baridi hii kama wewe unavyoipokea," alisema Delmar.

"Nyamaza, Delmar," alisema Verna, akamsogelea.

Otto alipanda kwenye kochi kwa ubavu na kujilaza kwa upana, kwa kuwa siku hizi hajui kulala vingine. Zamani, alipokuwa mbwa mnyoofu, alifunika miguu miwili tu, na kila usiku walikuwa wanamgombania. Sasa alifunika yote minne, ya Verna na ya Delmar. Verna alisema hapo Mchungaji amefanya kazi nzuri, akavuta kofia mpaka masikioni, na wakangojea mwezi wa tano.