Gumba la Dokta Ngeleja

"Nane, Dokta! Tulikubaliana wagonjwa wanane, na wewe—"

"Wamefunga, Sista. Wamefunga tangu jana, sasa unataka niwa—"

"—na wewe umeongeza majina sita kwa kalamu yako, mwandiko wenyewe unatetemeka kama kifaranga cha mvua—"

"—niwaambie warudi Nyashimo na njaa yao? Haya, toka wewe ukawaambie!"

Sista Philomena hakutoka. Alijua akifungua ule mlango ataona nini: benchi zima la watu waliokauka midomo, wa Dutwa, wa Maswa, wa Nyashimo, kila mtu na tumbo lake linalomtesa. Kipimo wanachokisubiri wao wanakiita mpira, na ni mpira kweli, mweusi, mrefu, una kamera kichwani, unaumeza mpaka tumboni. Anayejua kuuendesha hapo hospitalini ni Dokta Ngeleja peke yake.

Na Ngeleja alikuwa anaisha. Kipini cha mpira kinashikwa kwa mkono wa kushoto, na gumba ndilo linalozungusha vigurudumu vya kupindisha kamera. Gumba la Ngeleja lilianza kufa ganzi Pasaka. Siku hizi hata kufunga vifungo vya shati ni shughuli. Halafu yeye ni mrefu kama mlingoti, kitanda ni kifupi kama kigoda, na skrini iko kule pembeni kwenye tundu la umeme, kwa hiyo anashinda amepinda shingo kama kuku aliyesikia mwewe.

Philomena alikuwa ameagiza kwa fundi magogo manne ya kuinulia kitanda. Yalikaa siku tatu. Akina mama wazee wakawa hawawezi kupanda, Philomena akawa anawanyanyua mmoja mmoja, mpaka Ngeleja akayatoa.

"Utavunjika mgongo," alimwambia.

"Na wewe je?"

"Mimi nilishavunjika. Tubaki na mmoja mzima."

Basi siku hiyo wakaanza kwa kununiana. Mgonjwa wa tisa akawa bibi mmoja mkulima wa pamba, anaitwa Ng'washi, mwembamba kama njiti ya kibiriti.

"Mwangaluka, mayu," Philomena alimsalimia mama huyo kwa Kisukuma, akamlaza kwa ubavu.

"Mwangaluka, mwanangu. Huyo nyoka wenu ana meno?"

"Hana, mayu. Ana jicho tu."

"Afadhali. Jicho nimelizoea, nina mawifi watano."

Hata Ngeleja alicheka. Kicheko cha mwisho siku hiyo.

Mpira ukaingia. Chini kidogo ya koo ikatokea nyama, imevimba, inachuruzika damu. Wakaendelea kwa kunong'ona, maana bibi alikuwa macho na masikio yake mazima. Ilibaki kukata kipande kidogo kiende maabara. Ngeleja akazungusha kigurudumu. Gumba halikwenda. Akalitazama kama mzazi anayemwita mtoto na mtoto haitiki.

"Sista," alinong'ona. "Limelala."

Philomena akaacha mkono mmoja kichwani kwa bibi, wa pili akaupitisha chini ya kwapa la Dokta mpaka kwenye kipini. Mgongo wake ukalia kama mlango wa stoo. Akazungusha.

"Juu. Ongeza. Umezidisha, rudi. Hapo hapo, usipumue."

Mkono wa kulia wa Ngeleja ukasukuma kikoleo kidogo ndani ya mpira, ukabana, ukavuta. Kipande kikatoka, na mpira ukafuata.

"Mmeona nini?" bibi aliuliza, anafuta mate.

"Tumechukua kipande, mayu. Majibu baada ya wiki mbili."

Bibi akamtazama mmoja, akamtazama mwingine. "Mbona mnaongea taratibu hivyo?"

Philomena akamshika mkono, akamshusha kitandani. Bibi akajifunga khanga yake, akatoka.

Ngeleja akaketi kitandani, mkono wa kushoto kaulaza mapajani kama mzigo wa mtu mwingine.

"Imetosha," Philomena alisema. "Naenda kuwaambia hao watano waliobaki."

Akasubiri ugomvi. Ugomvi haukuja, na hilo ndilo lililomtisha.

"Nenda Mwanza, Dokta. Wakakuangalie."

"Mwanza wataniandikia niache mpira. Halafu hawa?"

"Wataufuata huko huko Mwanza."

"Wangapi watafika, Sista? Yule bibi angefika?"

Ngeleja akavua viatu. Sista akadhani anataka kupumzika kidogo, akamsogezea mto. Lakini Dokta alilala kwa ubavu wa kushoto, akakunja magoti, miguu yake mirefu inaning'inia nje ya kitanda.

"Tangu Pasaka nimemeza vidonge vya maumivu ili huu mkono ufanye kazi," alisema, anatazama ukuta. "Wiki ya tatu sasa napata choo cheusi kama lami, damu hiyo. Na mimi nimefunga, tumbo halina kitu, usiogope. Nitakuelekeza kwa mkono wa kulia, huu bado unanisikia."

"Dokta, mimi sija—"

"Osha mpira, Sista. Halafu uniingizie wewe."