Jiwe la Saba

Jiwe la kwanza lilimpata Masunga sikioni. Nililiona vizuri, maana lilirushwa hatua chache tu kutoka kwenye cherehani yangu, nami nikabaki nimekaa.

“Mtazameni anavyotetemeka!” Urbano, mbeba mizigo wa duka la Mahmud, alikuwa amemkaba shati. “Belo zima la mitumba limepotea asubuhi hii, na huyu Msukuma nimemkuta anazungukazunguka barazani kwetu. Sema, ulikuwa wapi?”

Masunga alifungua mdomo, sauti haikutoka. Likaja jiwe la pili, na la tatu. Jasho lilimtoka juu ya mdomo, macho yakatafuta ukuta, mikono ikakosa pa kujificha. Soko zima la Sumbawanga likaona hatia hapo. Wajinga! Mimi niliona ugonjwa wangu mwenyewe, ambao nimelala na kuamka nao tangu usichana.

Cherehani yangu nimeielekeza ukutani miaka sita sasa, wapita njia wasipate kunisalimu. Misa naisikilizia nje, dirishani. Siku ya kipaimara Askofu aliniuliza jina, nikazirai. “Scola anaringa,” husema watu, na wenye ulimi mkali huongeza kwamba asiyesalimu wenzake anafuga uchawi.

Asubuhi ile nilipofungua tu, Masunga alikuja na suruali iliyochanika mkononi. Alisimama kando yangu karibu mpaka adhuhuri, akishindwa kusema kwamba anataka kiraka, nami nikishindwa kumuuliza. Mwishowe nilimpokonya, nikaanza kushona. Sijapata mteja niliyestarehe naye namna ile. Alisogea barazani kwa Mahmud kunyoosha miguu tu, ndipo Urbano akamdaka.

Kwa hiyo nilijua. Jiwe la nne lilimng’oa jino. La tano nililisikia tu, kwa kuwa nilifumba macho. La sita lilimpigisha magoti, mtu akaagiza tairi na mafuta ya taa. La saba lilipomlaza kifudifudi, nikainuka.

Nikapenya kati ya watu. “Na wewe bubu wataka nini?” Urbano aliinua mpini wa jembe. Nikachutama mbele ya Masunga, nikamwelekea Mama Debora, muuza samaki wa migebuka aliyesimama katika kundi, nikapiga makofi ya salamu, polepole, kama bibi alivyonifunza.

Mama Debora naye akachutama, akaitika kwa makofi yake. Mikono ya Mfipa huitika salamu kabla kichwa hakijauliza. Urbano akabaki na mpini hewani, asijue atampigaje mtu mbele ya mama wa rika la mama yake.

“Mama,” nikamnong’oneza yeye peke yake, “alikuwa kwangu tangu nafungua. Suruali yake iko chini ya sindano.”

Mama Debora akasimama. “Mbwa nyie! Mnamuua mteja wa Scola! Nendeni mkaangalie hiyo cherehani!”

Mahmud alikwenda, akarudi ameishika suruali, uzi bado unaning’inia. Watu wakatawanyika wakitazama vidole vya miguu yao. Urbano alibaki peke yake.

“Mbona hukusema mapema, dada?” aliniuliza, machozi yakimlenga.

Masunga alirudi baada ya wiki tatu. Sikio la kushoto lilikuwa limekufa. Nilimpa suruali, akaipokea kwa mikono miwili, akasimama. Nilitaka kumwambia kwamba mawe saba niliyahesabu nikiwa nimekaa. Jasho likanitoka juu ya mdomo, nikaliona na lake.

Nikazunguka upande wa sikio zima, nikafungua mdomo.